Kinubi Kinachovuma kama Nyuki

Neema mjukuu wangu,

Pokea salamu za Yeoville. Bibi yako mzima, ananigombeza vizuri tu, na mimi bado ndiye fundi cherehani mtanashati kuliko wote mtaani.

Unauliza kama uache kwaya kwa sababu wenzako wanaicheka sauti yako inayokwaruza. Sikia. Ujanani nilikuwa bingwa wa gitaa la rumba, uliza yeyote. Jirani yetu Mhabeshi, Mzee Tesfaye, alikuwa na begena, kinubi kikubwa cha nyuzi kumi wanachotumia kumwomba Mungu wakati wa mfungo. Kilivuma kama mzinga wa nyuki. Nikamwambia, "Mzee, kimeharibika, nikutengenezee."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kijana, chini ya kila uzi kuna kipande cha ngozi, ndicho kinachouvumisha. Bila ngozi, hilo ni gitaa lako tu." Akazitoa ngozi zote. "Haya, bingwa, zirudishe."

Eish, jasho lilinitoka. Ngozi ikikaa vibaya kidogo tu, uzi hauvumi. Lakini jioni, waumini wenzake walipofika kusali, nyuzi zote kumi zilivuma. Mzee akapiga, mama mmoja akalia, na mimi Mkongomani nikatembea siku ile kama waziri.

Sauti laini mnazo tele hapo kwaya. Jumapili simama mbele, ukwaruze. Mtaa mzima nimeshautangazia kwamba mwimbaji huyo ni mjukuu wangu.

Babu yako,
Fundi Kasongo