Wimbo wa Mama, Bila Kupunguzwa

Baba mpendwa,

Jumamosi tulimaliza kilio chako. Watu walikuja mpaka viti vikakosekana, ugali wetu wa bukari ulitosha, na wale ndugu wawili waliogombana kwenye mazishi yako walikaa meza moja bila kutazamana. Ungecheka. Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie. Nakuandikia kuhusu wimbo.

Unakumbuka ulivyoniambia hospitalini, ukiwa umechoka na kitanda chao na chai yao isiyo na sukari? "Siku ya kumaliza kilio yangu, mupige wimbo ya mama yenu. Muipige yote. Miye niliisikiaka nusu tu." Nilikuitikia haraka haraka, kama tunavyowaitikia wagonjwa.

Nusu ilikuwa kweli. Nyundo za karakana ya reli zilikula masikio yako kabla mimi sijazaliwa. Zilianza na sauti za juu: ndege, kengele za baiskeli, kisha zile s na sh vinywani mwetu sisi wanao. Fidèle akikuita ulisikia, maana kaka yangu huyo hata akinong'ona jirani anaitika. Mimi ilikuwa lazima nikuguse. Na wimbo wa Mama, ule aliotutungia mwenyewe wa kutubembeleza, uliusikia kwa mkono. Jumapili baada ya misa, akianza kuimba huku anachambua majani ya muhogo ya sombe, ulikuja kuketi nyuma yake, ukaweka kiganja mgongoni mwake, katikati ya mabega, ukafumba macho. Sisi watoto tulicheka. Mama hakugeuka. "Mumuache baba yenu," alisema, "iko anasikia."

Deo, mtoto wa dada yako, alimrekodi Mama Jumapili moja ya namna hiyo kwa kinasa sauti chake kipya. Mama alipotutoka, sauti yake ikabaki humo tu. Wewe ukataka wimbo uingie kwenye simu yako, lakini kadi ilikuwa imejaa mahubiri ya redio na hukukubali kufuta hata moja. Basi Deo akaupunguza wimbo mpaka ukapata pa kuingia. Kwenye simu wimbo ulilia vizuri. Kispika cha simu hakina nguvu ya kumuumbua mtu.

Siku chache kabla ya Jumamosi, Fidèle akakodi mabafle, zile spika kubwa zinazofika kifuani mwa mtu mzima. Tukajaribu wimbo uani. Mungu wangu! Kila s ya Mama ilichemka kama mafuta kwenye kikaango. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeimba ndani ya ndoo ya maji, na chini yake palikuwa na mvumo mchafu, unakuja, unapotea, unakuja tena. Tantine Marcelline, dada yako, alikuwa amefika kutoka Pweto na magunia ya samaki wakavu kwa ajili ya shughuli. Akaacha kupepeta mchele.

"Huyu haiko Virginie," akasema, akimtaja Mama kwa jina. "Muzime. Bantu batasema tunamuchezea."

Fidèle hakukubali, na ukaidi huo unajua alikoutoa. Akaenda mjini kwenye duka moja la kuwajazia watu muziki kwenye simu, akarudi ameinua flash juu kama aliyepata diploma. "Balipandisha! Ilikuwa trente-deux, sasa iko trois cent vingt!" Kweli, kutoka thelathini na mbili hadi mia tatu na ishirini, faili lilikuwa limenenepa mara kumi. Tukapiga. Mafuta yakachemka vilevile, na ule mvumo nao ukabaki, mpaka Fidèle akasema arudi mjini wamfutie huo angalau. Nikatazama beseni la Tantine. Samaki walikuwa wamelowekwa tangu asubuhi, wamevimba, wanapendeza macho, lakini hakuna hata mmoja aliyeogelea. Nikampigia Deo.

Deo siku hizi ni wakala wa forodha mpakani, Kasumbalesa. Alinieleza kwa subira, huku malori yanapiga honi nyuma yake. Ile namba ni kilobiti kwa sekunde, yaani nafasi unayoupa wimbo katika kila sekunde yake. Ukiupa thelathini na mbili, mashine haina budi kutupa kitu. Inakata sauti za juu. Kisha inatafuta sauti ndogo zilizojificha nyuma ya sauti kubwa, nazo inazifinya au inazitupa, kwa kudhani hakuna atakayeziulizia.

"Yenye balitupa hairudi, Yaya, hata uandike namba ya namna gani," akasema; Yaya ni mimi, maana kwake mimi ni mkubwa. "Lakini l'original niko nayo. Kuya na flash."

Nilikwenda. Foleni ya malori ilianza mbali, nikashuka kwenye teksi nikatembea kando yake na vumbi langu. Ofisini Deo akanivika kaske yake masikioni, akabonyeza.

Baba, Mama alivuta pumzi. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa anavuta pumzi kabla ya neno la kwanza. Kila s ilikuja safi, na mvua ndogo juu ya mabati nikaisikia. Halafu ukaja ule mvumo, na haukuwa mchafu. Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, inamfuata Mama kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayeshika wimbo kwa mkono. Nikavua kaske.

"Huyu ni nani?"

Deo alinishangaa. "Unauliza? Njo mujomba. Alikuwaka nyuma yake."

Wewe, uliyetuambia maisha yako yote kwamba hujui kuimba! Nililia palepale, mbele ya madereva wawili waliokuwa wanangoja mihuri yao, wala sikuona haya.

Nyumbani sikumwambia mtu. Jumamosi, baada ya sala, nilipiga wimbo kutoka kwenye flash ya Deo, wote, tangu pumzi ya kwanza. Tantine aliweka sahani chini. Ulipoingia wewe kwa sauti yako, umechelewa kama kawaida, alisema jina lako tu, "Evariste," kwa sauti ndogo. Fidèle, aliyekuwa anawaamuru watu wanyamaze, alikwenda nyuma ya nyumba na hakurudi mpaka wimbo ulipokwisha.

Ile ndogo, ya thelathini na mbili, sijaifuta. Iko kwenye simu yako pamoja na mahubiri yako. Huwa naisikiliza, maana nadhani inakaribia jinsi ulivyotusikia: bila ndege, bila s, majina yetu nusu nusu. Kisha naikasirikia ile karakana, naikasirikia hata pensheni yake. Nimekukumbuka, Baba, na hamu hainipungui.

Nikuambie na hili, kisha nikuache upumzike. Wimbo ulipokuwa unalia, nilisogea nikaweka kiganja kwenye bafle, kama ulivyokuwa unaweka mgongoni mwa Mama, nikafumba macho. Mbao zilikuwa zinatetemeka. Uliimba chini ya mkono wangu mpaka mwisho.

Ni mimi, mwanao wa mwisho, yule ambaye ilikuwa lazima akuguse ndipo umsikie.