Kompyuta Dukani kwa Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Kazini Kwale. Mafaili, vumbi, mahamri mawili ya baridi. Nimeandikiana na mdogo wangu Rehema hadi adhuhuri. Siku ya nne tangu amkimbie mumewe. Mume huyo, Saidi, ana duka la simu Ukunda na ulimi wa asali. Alama za vidole vyake nimeziona shingoni mwa Rehema.

Jumanne, 4 Machi
Saidi amemtumia Rehema maneno yangu ya jana. Neno kwa neno.
Nimemwelekeza Rehema afungue mipangilio, pale panapoonyesha vifaa vilivyounganishwa. Ipo kompyuta, iliyounganishwa miezi kadhaa iliyopita. Rehema hana kompyuta. Saidi anayo, dukani. Miezi yote hiyo ametusoma, na akinikuta njiani, "Shikamoo, dada." Nami mpumbavu naitikia marahaba.
Tumeiondoa. Alhamdulillahi, kwamba Rehema yuko Kinango kwa shangazi tulisemezana kwa mdomo tu.

Jumatano, 5 Machi
Nimesoma kuhusu programu za ujumbe mpaka macho yakauma. Nataka ambayo hata wenye kuiunda hawawezi kutusoma. Isiyoanika namba ya simu. Isiyoweka nakala mahali nisipopajua. Binamu yangu anasifu moja kwa sababu ina vikatuni. Vikatuni!
Namba ya siri ya simu ya Rehema ilikuwa tarehe ya harusi yao. Nimemwambia aibadilishe. Sikumcheka. Nilitaka.
Kaka Hamisi amesema, "Asiye na la kuficha haogopi kusomwa." Nikamwambia anipe simu yake nisome. Akaitia mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechagua programu. Mimi na Rehema tumesomeana tarakimu za usalama, za kuthibitisha hakuna mtu katikati, kwa sauti, moja moja, mpaka zikalingana. Mama akaniomba nimwingize yeye na Hamisi. Ni damu yetu, amesema. Nimekubali. Kundi la watu wanne.
Rehema ameandika kwamba maji ya shangazi yamekatika tena, wanachota mbali. Nilifurahi kumwona anaandika bila hofu.

Jumapili, 9 Machi
Saidi amefika Kinango.
Amegonga mlango wa shangazi akimwita Rehema kwa majina ya mapenzi, kisha kwa majina mengine. Rehema, mwanamke mzima, amejificha uvunguni. Shangazi amekataa kufungua. Majirani watatu waliokuwa wanarudi mnadani na mbuzi wao wakaja kusimama mlangoni, wakamwambia aondoke. Akaondoka.
Hamisi ndiye. Alikaa na Saidi barazani baada ya swala, akamhurumia, akamfungulia kundi asome, na ile habari ya maji ya shangazi ikamtosha. Nimempigia. Jibu lake: "Nilimwonyesha tu, sikumtumia."
Ana miaka arubaini na miwili. Anasalisha watoto. Hana akili ya mbuzi mmoja wa mnadani.
Hakuna programu ya kuziba ujinga wa kaka. Na mlango nilimfungulia mimi. Najidharau pia, kidogo kuliko ninavyomdharau yeye.

Jumatatu, 10 Machi
Rehema ameandikisha taarifa polisi. Amehama. Kundi nimelifuta. Tumebaki wawili. Hamisi ameniuliza kwa nini nimemtoa.

Alhamisi, 13 Machi
Mama amepanda Kwale kunitazama. Ameleta machungwa. Tumekaa nje ya ofisi, akamenya, tukala. Akaniuliza, "Mdogo wako hajambo?" Nikamwambia hajambo, analala vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akafuta kisu kwa leso.
Hakuniuliza analala wapi.