Hodi ya Mlango wa Jikoni

Flemingdon Park,
Toronto, Kanada.
Jumapili, 26 Machi 2017

Mpendwa mdogo wangu Elinaza,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini barua hii itawakuta wazima hapo Columbus, wewe na wifi yangu Valeria na watoto. Mgongo wako vipi? Bado unabeba maboksi pale ghalani au wamekuhamishia kwenye mashine kama walivyokuahidi? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Bernard kifua kilimbana wiki mbili, lakini sasa ameanza tena kulalamikia chumvi kwenye mchuzi, basi nikajua mume wangu amepona.

Mama nilimpigia Alhamisi. Anatembea mwenyewe mpaka kanisani, fimbo hataki. Aliniuliza habari zako, nikamwambia u mzima. Zaidi ya hapo sikumwambia.

Utajiuliza kwa nini dada anaandika wakati simu ipo. Kwenye simu unanishinda, Elinaza. Unanichekesha, mpaka nakata simu ndipo nakumbuka nilitaka kusema nini. Jumapili iliyopita uliniambia kuna mswada kwenye bunge la jimbo lenu, kwamba mtu ataruhusiwa kutembea na bastola chini ya koti bila kibali wala mafunzo. Ukasema kanisani kwenu wameshachagua wanaume wanne wa kukaa milangoni nazo mswada ukipita, na wewe ni mmoja wao. Nilipokuuliza kama umekubali, ukasema, "Dada, watu wote watakuwa nazo viunoni, mimi nibaki na kitabu cha nyimbo?" Nikacheka. Nilipoweka simu nikakaa kitandani, nikasahau mchuzi motoni.

Nilimwomba Clara anitafutie habari hizo kwenye kompyuta. Unamjua mwanangu, Kiswahili anasikia chote ila anajibu kwa Kiingereza. Akanisomea, akanieleza kwamba bado ni mswada tu, haujapita, na huenda usipite. Halafu akaniuliza kama mjomba ameshanunua. Nikamwambia sijui. Naye akafunga kompyuta, akaenda chumbani kwake.

Nikuambie kitu cha aibu. Mwaka jana ulipoanza kuzungumzia habari za bastola, nilijua sheria inakutaka kwanza ukae darasani na ulenge shabaha mbele ya mwalimu. Nikafunga siku tatu kumwomba Mungu usifaulu. Nisamehe. Ni dua mbaya kumwombea ndugu yako. Lakini wakishaondoa hilo darasa, nitaomba ufeli nini?

Sisemi huna sababu. Walikupora mchana kweupe kwenye maegesho ya duka, watoto wakiwa ndani ya gari, na najua tangu siku ile hujawa yule yule. Hata huku si peponi. Majuzi polisi waliziba njia ya ghorofa la jirani tangu asubuhi kwa sababu ya risasi, nasi tukazunguka mbali kufika kituo cha basi. Mimi nami naogopa, mdogo wangu.

Ila ninachoogopa zaidi ni siku ile nilipokuja kwenu Julai. Wewe unaisimulia kama kichekesho na mimi nimeicheka mara nyingi. Sasa hainichekeshi tena.

Nilipanda basi la mapema bila kuwaambia. Nikabonyeza kengele, kimya. Basi nikafanya kama nyumbani. Wewe unajua, kwetu mlango wa mbele ni wa mchungaji na wageni wa posa. Ndugu anazunguka, anapiga hodi jikoni huku ameshaingia. Nikapita kando ya uzio, jirani yenu mzee yule akanikodolea macho, nikampungia mkono. Nikasukuma mlango, nikaweka mfuko wangu mezani. Halafu utoto ukanipanda, nikajibanza nyuma ya jokofu niwashtue.

Ukatokea umeinua ufagio. Wote tunakumbuka hapo. Jambo ambalo sijawahi kukuambia ni kwamba sikunyamaza kwa mzaha. Nilitaka kusema ni mimi Namsifu, na sauti haikutoka kabisa. Nilikuangalia usoni, na uso ule haukunijua. Ni ufagio ndio ulioningoja, Elinaza. Ulikaa juu mpaka wewe ukaona kitenge changu, ukasema, "Dada, ningekutwanga!" Valeria akaja mbio, tukacheka mpaka machozi.

Kile unachotaka kununua hakitamngoja mtu atambuliwe nyuma ya jokofu.

Nilimsimulia Daulat, jirani yangu wa ghorofa ya tisa, yule Mwismailia aliyezaliwa Mwanza. Ndiye mtu pekee katika jengo hili anayenipigia hodi na kuingia kabla sijajibu. Alinisikiliza, akaacha chai ipoe, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema, "Wewe Namsifu, umri wote huu unajibanza nyuma ya jokofu kama paka?" Nilifikiri atacheka. Akasema tena polepole, "Mimi nimeingia kwako hivi hivi leo, wala hukuinua kichwa."

Na kule kanisani kwenu nako. Tuseme kweli aje mtu mbaya, Mungu apishe mbali, nawe umeitoa. Polisi wanaingia mbio. Wanakuona wewe, mtu mweusi, bastola mkononi, Kiingereza chenye lafudhi ya Upareni. Nani atawaambia kwamba wewe ndiye mzee wa kanisa? Hilo nimelifikiria nikiosha vyombo, nikiwa kwenye basi, hata leo ibadani wakati wa sala ya toba. Nikatubu mengine yote kwa haraka nirudi kukuwaza wewe.

Siwezi kukuamuru. Una nyumba yako na mke wako, na sheria ya kwenu si mimi ninayeipigia kura. Lakini nilikubeba mgongoni kabla hujajua kutembea, na haki hiyo ninaidai leo.

Pasaka nitakuja, hilo halibadiliki. Safari hii nitawaambia saa ya basi. Nitasimama mlango wa mbele kama mgeni, mikono nje ya koti, nipige hodi mpaka nisikike. Kama kitu hicho kimo nyumbani, njoo unifungulie. Nitaingia, nitakula nanyi, wala sitagombana nawe mbele ya watoto. Ila kama hakimo, usinyanyuke. Sema tu kwa sauti hukohuko ndani, "Zunguka, dada." Nitakuwa nimeelewa.

Msalimie sana wifi Valeria, mwambie ile sufuria yake ninayo, sijaisahau. Wabusu watoto. Bernard na Clara wanakusalimu, na Daulat pia anasema salamu ingawa hamjaonana.

Mungu aliyekutunza tangu mgongoni pangu akutunze kazini, barabarani na mlangoni mwa nyumba yake.

Mimi dada yako, nikupendaye na kukuombea,

Namsifu