Tumbo la Baba

Jumatatu

Mdogo wangu,

Hujambo? Umekula? Usinijibu kwamba umekunywa chai. Mimi mzima, ila mwili uko kazini na roho iko huko kwenu.

Mashine inampumulia Baba, na presha wameipandisha kwa dawa. Sawa. Lakini umesema tumbo limevimba. Dawa zile hubana mishipa. Utumbo ukikosa damu unakufa kimyakimya. Baba amelazwa kwa dawa ya usingizi, hawezi kusema anaumwa. Mwombe daktari ampime utumbo kwa utrasaundi palepale kitandani, aone kama unacheza. Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku wodini, najua ninachokuambia.

Dada yako

Jumanne

Shikamoo Dada,

Sijambo, na chai nimekunywa, pamoja na mkate. Utrasaundi si ile ya wajawazito? Baba akiamka akasikia, atatucheka mwaka mzima.

Daktari alipita mbio, kuna wagonjwa wengine walikuwa wamezidiwa. Unajua Baba alivyotulea pale karakana kwake: fundi hasimamiwi. Niliona aibu. Nitamwambia kesho. Tumbo ni lilelile, labda limekaza kidogo.

Mdogo wako

Jumanne, jioni

Mdogo wangu,

Tutasalimiana baadaye. Daktari si seremala na Baba si kabati. Simama mlangoni umwambie leo hii. Akikasirika, sema nimekutuma mimi. Mbona simu yako haipatikani?

Dada yako

Alhamisi

Shikamoo Dada,

Natumaini u mzima. Simu haziruhusiwi ndani. Niliiacha kwa mlinzi, ikaisha chaji. Ujumbe wako nimeusoma leo.

Jana nilijikaza nikamwambia daktari. Akampima, akasema hewa ni nyingi tumboni, haoni vizuri, na kutoona si kwamba Baba yuko salama. Leo asubuhi akarudia. Utumbo hauchezi kabisa. Akanionyesha kwenye ini vidoti vyeupe vikipita, akasema ni hewa ya utumbo unaokufa, imeingia kwenye mshipa. Kisha akawa anaifuta mashine bila kuniangalia.

Daktari wa upasuaji anasema pengine Baba atafia mezani, lakini nikisaini watajaribu. Kumtoa kwenda kupigwa picha kubwa haiwezekani. Daktari aliniruhusu nirekodi kipimo kwa simu, video nimekutumia. Dada, nisaini? Na ningesema Jumatatu, ingekuwaje? Naogopa sana.

Mdogo wako

Alhamisi, mchana

Mdogo wangu mpenzi,

Pole. Video nimeiangalia, nikamwonyesha na daktari wetu wa upasuaji. Nilitamani awe baba wa mtu mwingine, Mungu anisamehe. Kwa hali aliyonayo, kisu hakitamrudisha. Usisaini. Waombe wamwongezee dawa ya maumivu, hilo usilionee aibu.

Kuhusu Jumatatu, sijui, na sitakudanganya. Hata mimi ningeweza kumpigia huyo daktari. Nikahofia kuonekana najifanya bosi kwenye wodi ya wenyewe. Sote wawili ni watoto wa Baba.

Napanda basi sasa hivi. Mshike mkono, zungumza naye. Msinisubiri.

Dada yako

Ijumaa

Shikamoo Dada,

Natumaini safari ni njema, na umetia chochote tumboni.

Hatukukusubiri. Mkono nilikuwa nimeushika, nikimweleza kwamba uko njiani. Mashine ilipozimwa, nesi aliniacha nikae naye mpaka nitosheke, ingawa sikutosheka.

Ukishuka stendi nipo pale mlangoni. Usikimbie.

Mdogo wako