Utepe wa Bluu wa Verna

Dada Twyla,

Sisi wazima, na mahindi ya Iowa yamefika magotini. Jana nilikwenda na shoga yangu Verna kwenye maonyesho ya mablanketi ya viraka kanisani. Blanketi lake lilipata utepe wa bluu wa mshindi. Bibi msimamizi, mwenye glavu nyeupe za kushikia mablanketi, alipotugeuzia blanketi hilo tuone nyuma yake, nikaona konani mshono mwekundu, ule ambao Mama alimalizia nao kila blanketi lake. Ndilo lile lililopotea siku tuliyomzika.

"Umenuna, shoga? Wivu huo!" Verna akacheka.

Tulipopita dukani kununua vitambaa, akaniambia nimchagulie rangi. Nikamtia mkononi uzi mwekundu. Hakuuliza wa nini.

Asubuhi hii nimelikuta blanketi barazani kwangu, utepe umebandikwa kwenye kona ya Mama. Gari la Verna bado liko nje. Hashuki, nami simwiti.

Mdogo wako,
Ardith