Gurudumu la Behewa la Sita

KITUO CHA POLISI CHA STESHENI
MAELEZO YA SHAHIDI
Kuhusu: Kifo cha mzee aliyeanguka kando ya treni, njia namba mbili

Jina: Limo kwenye jalada. Halirudiwi hapa kwa kuwa shahidi ni mtoto.
Umri: Miaka 15
Kazi: Mwanafunzi, kidato cha pili
Makazi: Nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana, mlango namba 9
Uhusiano na marehemu: Mjukuu
Aliyekuwepo: Mama mzazi wa shahidi
Tarehe na saa ya kuanza: Jumamosi, 14 Juni, saa 9:35 alasiri

Nimeomba niandike kwa mkono wangu mwenyewe, na afande amenikubalia. Ameniambia niandike taratibu, nisiruke kitu. Sitaruka kitu, ila naomba jambo moja litangulie kwa sababu lina haraka. Treni iliyoko jukwaa namba moja inaondoka leo saa kumi na mbili jioni. Gurudumu la pili la behewa la sita, upande usioelekea jukwaa, lina ufa. Naomba likaguliwe kabla treni haijaondoka. Nitaeleza nimejuaje.

Marehemu ni babu yangu, baba yake mama. Alifanya kazi ya reli kwa miaka thelathini na minne, na kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikisimama, alitembea kando yake na nyundo ya mpini mrefu, akaligonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele na mlio wake hukawia kuisha. Lenye ufa hutoa sauti fupi na nzito, kama chungu kilichopasuka. Babu alikuwa akisema chuma kizima huimba na chuma kigonjwa hukohoa. Wenzake kazini walimwita Sikio. Hata mtaani kwetu wapo watu wasiojua kama ana jina lingine.

Treni yenyewe ni ile ya kifahari ya zamani ambayo gazeti liliandika habari zake wiki nzima. Ina mabehewa kumi na moja ya mbao, rangi ya damu ya mzee, yenye mapazia na taa za shaba. Ilikuwa haijafika katika stesheni yetu kwa miaka thelathini na moja. Ilipokuja mara ya mwisho, Babu ndiye aliyegonga magurudumu yake yote themanini na nane. Nimelala na hadithi hiyo tangu nikiwa mdogo kama wengine wanavyolala na hadithi ya sungura.

Leo Babu aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alinyoa ndevu, akavaa koti lake la kazi lenye vifungo vya reli, ambalo sasa linamzidi mabegani. Saa mbili na nusu alitoa nyundo chini ya kitanda na kuifunga kwa gazeti. Mama alimwona, akamuuliza, "Baba, nyundo ya nini tena? Unakwenda kuitazama treni au kuijenga?"

Babu alimjibu, "Mgonjwa hatazamwi kwa macho peke yake, mwanangu."

Mama alicheka, Babu naye akacheka. Tuliondoka nyumbani saa tatu na robo kwa miguu.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo niliahidi kutolisema. Mwalimu wetu hutufundisha kwamba ahadi ni deni. Lakini nikiliacha, maelezo yangu yote yatakuwa ya uongo, kwa hiyo naliandika.

Babu alikuwa hasikii. Niligundua miaka miwili iliyopita. Nilitoka shule nikakuta birika linapiga mluzi hafifu jikoni, maji karibu yote yamekauka, chini limeanza kuwa jeusi, na Babu ameketi hatua mbili kutoka jiko anasoma gazeti. Nilipolitoa motoni alishtuka, akaniangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Usimwambie mama yako. Mtu akiitwa Sikio halafu asisikie, watamwita nani?" Alisema kama utani.

Tangu siku hiyo mimi nilikuwa masikio yake. Mtu akisema naye, niliyarudia maneno kwa midomo bila sauti, kama nilivyofanya leo asubuhi Mama alipomuuliza habari za nyundo. Mtu akibisha hodi, nilimgusa mkono wa shati. Barabarani nilitembea upande wake wa kushoto. Na kila Jumamosi tulikwenda nyuma ya karakana, kwenye magurudumu mabovu yaliyotupwa nyasini, akanifunga macho kwa kitambaa na kuyagonga. Yeye aliyajua mabovu kwa kuyapapasa. Mimi nilitakiwa kuyajua kwa kusikia. Likiwa zima, nifungue kiganja. Likiwa bovu, nikunje ngumi. Mwanzoni nilikosea mara nyingi. Tangu Januari sijakosea hata mara moja, na siandiki hivyo kwa kujisifu bali kwa sababu afande ameniuliza nina uhakika gani.

Mama ameniomba nisimamishe kuandika. Ndiyo kwanza anasikia habari hii, hapa kwenye benchi la kituo. Ameniuliza, "Tangu lini?" Nimemwambia tangu birika lile alilodhani nimeliunguza mimi. Amesema, "Kumbe ndiyo maana alikuwa anacheka kila nikimaliza kusema. Hata nikimwambia chumvi imeisha, anacheka." Afande amempa maji. Naendelea.

Tulifika stesheni saa nne kasorobo. Watu walikuwa wengi, wamezuiwa kwa kamba nyekundu wasiikaribie treni. Mhudumu wa treni, mwenye glovu nyeupe, alikuwa anasugua vishikio vya milango. Babu alimtazama sana, akaniambia, "Juu wanang'arisha. Chini hajainama mtu."

Kwanza aliomba ruhusa. Naomba hili liandikwe wazi, kwamba aliomba ruhusa. Saa nne na dakika kumi tuliingia ofisini kwa mkuu wa stesheni. Babu alivua kofia, akaeleza kazi aliyokuwa akiifanya, akaomba agonge magurudumu kabla ya safari, bila malipo. Mimi nilisimama mahali anapoweza kuniona midomo, nikarudia maneno ya mkuu bila kutoa sauti. Mkuu alikuwa na wageni wengi lakini hakumkaripia. Alisema, "Mzee wangu, siku hizi magurudumu yanapimwa kwa mashine huko yanakotoka. Nenda kapige picha na mjukuu wako, mzee, ufurahi."

Tulikaa kwenye benchi. Babu alishika nyundo yake mapajani kama mtu aliyepakata mtoto. Saa tano kamili alisimama akasema, "Twende."

Nilimwambia kwa ishara kwamba wamekataza.

"Wamekataza watu kutazama," alisema. "Mimi siendi kutazama."

Nilipaswa kukataa. Nina miaka kumi na mitano na najua kusoma kibao kilichoandikwa marufuku. Sikukataa kwa sababu na mimi nilitaka kuzisikia sauti za magurudumu yale.

Mwisho wa jukwaa, penye bomba la maji, kuna ngazi fupi ya wafanyakazi. Tulishuka hapo, tukazunguka nyuma ya behewa la mwisho hadi upande wa pili, kwenye njia namba mbili, ambayo ilikuwa tupu. Tulitembea mpaka mbele, kwenye behewa linalofuata kichwa cha treni, tukaanzia hapo. Babu alitaka nisimame mbele yake, hatua nne, ili auone mkono wangu bila kugeuka. Ndivyo tulivyozoea karakana. Lakini karakana hakuna mtu mwingine. Nikiwa mbele yake siwezi kumgusa mkono wa shati, na hilo hatukulifikiria, si yeye wala mimi.

Alianza. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Magurudumu manne ya behewa la kwanza upande ule yaliimba yote, kila moja kwa sauti yake, na Babu akaniangalia kila mara, nami nikafungua kiganja. Behewa la pili, la tatu, la nne, la tano. Magurudumu ishirini, yote mazima. Mgongo wa Babu ulikuwa umenyooka. Alikuwa anatembea kama kwenye picha yake ya zamani iliyoko ukutani kwetu.

Behewa la sita, gurudumu la kwanza liliimba. La pili likakohoa.

Nilikunja ngumi. Babu hakuonekana kushangaa. Alipiga goti, akapitisha vidole kwenye ukingo wa gurudumu, akasimama tena. Alikuwa na sheria yake: gurudumu bovu hugongwa mara tatu kabla ya kuripotiwa. Ya kwanza ni shaka, ya pili ni woga, ya tatu ni ushahidi. Aligonga mara ya pili. Likakohoa vilevile. Ngumi yangu ilikuwa bado juu.

Hapo ndipo nilipomwona mlinzi. Saa ya mnara wa stesheni ilionyesha saa tano na dakika ishirini na tano. Alikuja kwa mbio nyuma ya Babu, akapiga kelele, "Wewe mzee! Toka hapo!" Kisha, "Mzee, nasema na wewe!" Kisha, "Weka chini hiyo nyundo!" Ni mara tatu, nilizihesabu. Watu waliokuwa ng'ambo walianza kuchungulia katikati ya mabehewa. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Sikio la kufa halisikii dawa!" na wengine wakacheka.

Afande ameniuliza kwa nini sikumwonya Babu. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote. Nilijua hasikii. Ningeweza kuishusha ngumi na kumwonyesha nyuma yake. Sikuishusha. Nilitaka pigo la tatu. Nilidhani sekunde zinatosha.

Babu aliinua nyundo. Mlinzi aliudaka mkono wake kutoka nyuma. Babu aligeuka kwa mshtuko, akateleza kwenye kokoto, akaanguka chali, na kichwa chake kikagonga reli ya njia namba mbili.

Afande ameniuliza kama mlinzi alimpiga. Hapana. Alimshika mkono tu. Ni kijana, na aliona mtu asiyesikia amri anagonga treni ya watu kwa nyundo. Babu alipoanguka, mlinzi alivua kofia na kuiweka chini ya kichwa chake, akawa anarudia, "Nilikuita, mzee wangu. Si nilikuita? Nilikuita." Sikuweza kumjibu wakati ule. Namjibu hapa: alimwita, na Babu hakumdharau.

Gari la wagonjwa lilifika saa tano na dakika hamsini. Nilipanda naye. Njiani alifumbua macho mara moja, akautafuta mkono wangu kwa macho. Nilikunja ngumi ili ajue kwamba nimesikia vizuri. Aliinua vidole viwili. Nilielewa. Tumegonga mara mbili, bado moja. Alifariki hospitali saa saba na dakika ishirini mchana. Mama alifika saa saba na nusu.

Tulipokuwa bado hospitalini, watu wawili mlangoni walikuwa wanazungumza habari za mzee aliyetaka kuiharibu treni. Na nilipofika hapa, nilisoma kwenye kitabu cha matukio, kilichokuwa wazi mezani, kwamba marehemu "alikaidi amri halali ya mlinzi". Najua si adabu kusoma kitabu kisicho changu. Lakini mtu hukaidi alichokisikia. Naomba neno hilo lifutwe. Sitaki pia mlinzi aandikwe kwamba ameua. Kama ni lazima mtu alaumiwe, iandikwe ngumi yangu.

Watu mia moja na zaidi watapanda treni ile jioni hii. Babu hakwenda kuiharibu. Alikwenda kufanya kazi yake, na kazi haijaisha.

Nimezisoma tena kurasa zote. Sijaongeza kitu ili Babu apendeze, wala sijapunguza kitu ili mimi nisilaumiwe. Niliyoyaona na niliyoyasikia yanaishia hapa.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Sahihi ya mzazi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA ASKARI MPOKEAJI

Shahidi ameandika haya mwenyewe mbele yangu, bila kutishwa wala kuahidiwa kitu. Amemaliza saa 10:40 jioni. Sikungoja amalize. Nilipiga simu stesheni saa 9:50, mara alipojaza ukurasa wa kwanza. Niliambiwa treni imekaguliwa na ina vyeti vyote. Nilipiga tena saa 10:45, nikasema nakuja mwenyewe.

Saa 11:10 nilifika njia namba mbili pamoja na shahidi, mama yake na fundi wa zamu. Nilibeba nyundo iliyokuwa imewekwa kama kielelezo. Fundi aligonga gurudumu la kwanza la behewa la sita, kisha la pili. Mimi si mtu wa reli, lakini tofauti niliisikia. Fundi aliligonga la pili tena, akasema anahitaji uhakika. Shahidi akaomba nyundo. Aligonga mara moja, akakunja ngumi.

Chombo cha kupimia kililetwa kutoka karakana saa 11:45. Ufa umeonekana ndani ya ukingo, urefu wa kidole cha mtu mzima. Behewa la sita limetolewa. Treni imeondoka saa 1:20 usiku ikiwa na mabehewa kumi. Mlinzi aliyehusika alikuwepo. Alimsogelea mama wa shahidi, akainamisha kichwa. Mama huyo alimshika bega.

Neno "alikaidi" limefutwa kwenye kitabu cha matukio na nimetia sahihi pembeni.

Nyundo haihitajiki tena kama kielelezo. Imekabidhiwa kwa shahidi.