Aliyekuwa Akipanda Ndiye Aliyerudi Nyuma

Uyole,
Mbeya.
14 Desemba 2024.

Mpendwa mdogo wangu Ezekia,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. Hapo Mwanza mnaendeleaje? Mkeo ameshapona ile malaria? Huku watoto ni wazima na mvua imeshika vizuri. Mimi mwenyewe napumua tu.

Nimesoma ujumbe wako, kwamba Krismasi tukutane wote kwa kaka yetu Sifaeli ili mambo yaishe. Sitakwenda. Umesikia maneno yake tu, kwamba Kanta, lori la mume wangu, ilikatika breki. Sasa sikia na yangu.

Siku ile mume wangu Tadeo alikuwa anawapandishia wakulima mbolea kule mlimani, gari limejaa. Unaikumbuka ile kona ya juu ya korongo, magari mawili hayapishani. Hapo akakutana na Sifaeli anashuka na gari lake jipya, mkewe Bupe kakaa pembeni. Dereva yeyote wa milima hii anajua kwamba anayeshuka humpisha anayepanda, tena mwenye mzigo. Na nyuma ya Sifaeli, hatua chache tu, palikuwa na sehemu pana.

Tadeo akamwonyesha kwa mkono. Sifaeli akatoa kichwa dirishani.

"Rudi wewe! Mimi nikachafue gari kwenye matope?"

"Shemeji, nina mzigo, na nyuma sioni."

"Si unajiita dereva? Rudi!"

Unamjua Tadeo, hawezi kubishana na kaka wa mkewe. Akarudi nyuma. Sifaeli hakushuka hata kumwelekeza. Alikuwa anamfuata taratibu huku anapiga honi. Ukingo ulikuwa umelowa. Tairi la nyuma likazama, ukingo ukameguka, Kanta ikabiringika hadi korongoni.

Mguu wa kulia umekatwa chini ya goti. Yuko nyumbani sasa. Akisikia gari linapanda, anageukia ukutani.

Polisi walipotuita, Sifaeli akasema ni breki. Alisema huku ananitazama machoni, Ezekia, mimi niliyenyonya naye ziwa moja. Nilidhani yamekwisha. Ndipo Bupe akasimama.

"Afande, breki zilikuwa nzima. Mume wangu ndiye aliyegoma kumpisha."

Kesi itasikilizwa mwezi wa pili. Lakini jioni ile ile Sifaeli alimtupia Bupe nguo zake nje. Wazee wetu nao wakamwambia akamwombe mumewe radhi. Yeye, aliyesema kweli!

Kwa hiyo usiniandikie tena kwamba damu ni nzito. Damu yangu ndiyo iliyomsukuma mume wangu korongoni. Aliyemtetea ni mtoto wa watu.

Ndaga fijo kwa hela ya dawa. Asante sana, mdogo wangu, imetusaidia. Msalimie mkeo na baba mdogo Sedekia. Tadeo anakusalimu. Shemeji yako Bupe pia anakusalimu; yuko hapa kwangu, na Krismasi tutakula naye. Ukija, mlango uko wazi. Ukipitia kwa Sifaeli sitakukataza, ila salamu zangu usimpelekee.

Mungu akulinde njiani, akukutanishe na madereva wanaojua kusimama.

Dada yako akupendaye,
Sekela